Hesabu ya Hofu

Musau amerudi kutoka mafunzo ya siku tatu
na karatasi, ameibandika ukutani juu ya pipa la udongo.
Hatari za Karakana. Kumi na tisa.
Namba moja, tanuri linaweza kulipuka.
Namba saba, rangi ya buluu ina sumu.
Namba kumi na mbili, paka.
Sikuuliza paka amefanya nini.

Tangu hapo kijana hafinyangi, ananyata.
Amevaa glavu za daktari, na udongo haumwelewi;
bakuli linakaa upande kama mtu aliyesusa.
Kopo la buluu analishika kwa vidole viwili,
mkono mbali na mwili,
kama anayemtoa nyoka nje kwa mkia.

Mwanangu, buluu hiyo tunaijua.
Hapa Lubumbashi malori yanaipitisha mlangoni usiku kucha,
mawe yake yakidondoka kila penye shimo
hadi barabara ya Likasi.
Ni kweli, si unga wa maziwa. Usiilambe.
Usimege bukari kwa kucha za buluu.
Nawa, kisha kaa na watu.
Imeisha hiyo.

Nami nina hofu zangu, usidhani nilichongwa kwa jiwe.
Naogopa radi. Novemba, wingu likipanda upande wa Kipushi,
nafunika kioo, nachomoa waya wa gurudumu,
naketi miguu juu ya kiti kama mtoto.
Miaka ishirini na sita ya kazi hii
radi haijanigusa hata ukucha.
Mgongo, ambao sikuwahi kuuogopa,
nimeuacha kwenye ndoo za udongo wa kichuguu,
ndoo moja moja.

Na Kabange.

Kabange alikuwa jirani yangu wa gurudumu.
Mtu mwangalifu. Hakunywa, hakuvuta sigara,
tanuri alilisogelea kama anayebisha hodi kwa askofu.
Kila jioni alifagia yeye.
Fagio kavu, dirisha limefungwa ili tusiwaudhi majirani,
akiimba, kinywa wazi,
na jua la saa kumi na moja likipenya tundu la bati
likiuonyesha ule unga umesimama hewani, hautui.
Tulikuwa tunausifu. Naapa.
Tulisema, tazama unavyopendeza.

Aprili ile hakuweza kupanda ngazi tatu za zahanati
bila kupumzika kwenye ya pili.
Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga,
nami nilidhani wanasema chawa.
Ilikuwa aproni.
Aliikung'uta ukutani, akaivaa hadi nyumbani,
akampakata nayo binti yake.

Sasa lete kalamu, ile nene.
Karatasi yako hatuichani, umeilipia nauli.
Lakini itazame: herufi zote zimelingana.
Paka ni mkubwa kama vumbi.
Hapo ndipo kosa lilipo, si katika kuogopa.
Mtu akikupigia kelele kumi na tisa kwa sauti moja,
masikio yatachagua yenyewe,
na yatachagua mlipuko, kwa kuwa mlipuko una hadithi.
Vumbi halina hadithi. Linakaa tu.

Andika VUMBI, lijae ukuta.
Chini yake: ndoo, tambara bichi, maji kabla ya fagio,
aproni ilale hapa hapa.
Andika Moshi, mkubwa pia, na dirisha wazi tukichoma.
Buluu, herufi ya kawaida.
Mgongo, ongeza kidogo, kwa heshima yangu.
Radi iandike kwa penseli, pembeni kabisa,
hiyo ni yangu.
Paka mwache alale.

Kisha vua hizo glavu.
Udongo unataka kujua ni nani anaugusa.

Na jioni, utakapopanda pikipiki ya Kalenga isiyo na breki,
watatu kwenye kiti kimoja, vichwa wazi,
mkipishana na yale malori ya buluu,
barakoa yako safi ikiwa mfukoni,
nikumbushe kesho
tutafute ukuta mwingine.